Kufufua Land Rover iliyobadilishwa: Lipi libaki, lipi ling'oke

Fungua boneti ya Land Rover 109 inayotembea leo kati ya Arusha na Karatu, kisha tazama injini. Mara nyingi utakuta Nissan, Isuzu au Toyota imekaa pale ilipokuwa injini ya Rover. Gia boksi imeungwa na injini kwa sahani ya chuma iliyochongwa gereji, rejeta ni ya gari jingine, viti vimetoka kwenye basi dogo, na nyaya za umeme zinapita njia ambazo hazimo kwenye mchoro wowote wa kiwandani. Gari ni la miaka ya 1960, lakini limepita mikononi mwa mafundi wa vizazi vitatu, na kila mmoja ameacha kazi yake.

Anayeamua kulifufua gari la namna hiyo nyumbani kwake anakabiliwa na swali ambalo halimsumbui mwenye gari lisiloguswa. Alirudishe wapi? Akitaka liwe kama lilivyotoka kiwandani, atang'oa vitu ambavyo ndivyo vilivyolifanya liendelee kutembea miaka yote hii. Akiamua kuliacha lilivyo, atakuwa analinda kutu na viraka.

Nimekuwa nikiishughulikia Land Rover 109 ya Series IIA nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati, na kazi imefika mahali ambapo swali hilo limepata jibu ninaloliamini. Badiliko lililotatua tatizo ni sehemu ya gari na lina haki ya kubaki. Badiliko lililoficha tatizo ling'olewe, hata kama lilifanywa kwa ustadi. Ukishapambanua haya mawili, kazi inajipanga yenyewe.

Aluminiamu juu, chuma chini

Land Rover ilioneshwa kwa umma mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaamua bodi iwe ya aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, iitwayo Birmabright, na chesisi iwe ya mabamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja. Series II ilifuata mwaka 1958, IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971. Uzao huo ulikoma mwaka 1985. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, takribani sentimita 277.

Uamuzi ule wa 1948 ndio unaowaponza wanunuzi hadi leo. Aluminiamu haiingii kutu kama chuma, kwa hiyo bodi inaweza kung'aa miaka 60 huku chesisi iliyo chini yake ikiliwa kimyakimya. Isitoshe, mahali aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu ukaingia kati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Hugeuka unga mweupe, hasa kwenye kingo za milango na pale madigadi yanapofungwa kwa bolti. Ndiyo maana fundi anayezijua Land Rover haanzi kwa kuzunguka gari akisifia bodi. Analala chini na nyundo ndogo.

Kazi ya nyundo ni kusikiliza. Unagonga chesisi kila baada ya kiganja kimoja, kuanzia mbele zinapofungwa springi hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima kinaitikia kwa mlio mkali. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Kwenye gari hili nyundo ilizama upande wa nyuma kushoto, karibu na kishikio cha springi. Nilipokwangua rangi nyeusi nzito iliyopakwa pale, nilikuta kiraka. Chini ya kiraka kulikuwa na kiraka kingine, na katikati yake udongo mwekundu uliolowa, ukiendelea kula chuma pande zote mbili. Aliyechomelea bamba la juu hakukata kilichooza. Alikifunika. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na hapa mwanaharamu aliyesubiriwa apite alikuwa mnunuzi.

Dawa yake ni moja: kukata hadi ufike kwenye chuma safi. Kabla ya kukata, gari linawekwa juu ya stendi imara mahali tambarare na tangi la mafuta linatolewa. Betri na alteneta vinachomolewa ili umeme wa kuchomelea usiviunguze. Kisha unachomelea vyuma vya muda vya kushikilia sehemu hiyo, na unapima chesisi kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, gari litatembea upande na kula matairi hata ukinunua springi mpya. Bamba jipya la milimita 2 au 3 linakatwa kwa umbo la lile la zamani na kuchomelewa ukingo wote, bila nukta za kuruka. Matundu ya kutolea maji yanaachwa wazi, na ndani kunapulizwa nta ya kuzuia kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye chesisi, asiyekata sehemu ndogo leo atabadilisha boriti nzima kesho.

Injini iliyoletwa na shida

Juu ya chesisi hiyo imekaa dizeli ya Nissan, TD27. Gari lilitoka kiwandani na injini ya petroli ya Rover yenye sentimita za ujazo 2,286. Wapenzi wa magari ya kale wanaweza kuiona Nissan hiyo kuwa kosa la kurekebishwa. Mimi naiona kuwa kumbukumbu ya nchi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni hazikutosha hata mahitaji ya msingi. Waliokuwapo wanakumbuka magari binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Kabureta au pistoni ya gari la Kiingereza ilikuwa ndoto. Baadaye katika muongo huohuo milango ya biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilizotumika kutoka Japani zikaanza kumiminika, zikiwamo injini za dizeli zilizokuwa na maisha marefu mbele yake. Wenye Land Rover walikuwa na magari mazima yenye injini zilizokufa. Mafundi wakakutanisha viwili hivyo.

TD27 ina ujazo wa lita 2.7, na kamshafti yake inazungushwa kwa gia, kwa hiyo haina mkanda wa kukatika ghafla na kuharibu valvu. Haina kompyuta. Vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa mji wowote anaijua. Kwa gari linalopita Loliondo na Simanjiro, ambako ukilala njiani unaweza kungoja msaada hadi kesho yake, hilo ni suluhisho la kweli. Inabaki.

Hata hivyo, suluhisho linapaswa kukaguliwa. Injini ya kampuni moja ikiungwa na gia boksi ya kampuni nyingine, jambo linaloamua kila kitu ni kama vimekaa kwenye mstari mmoja. Shafti ya gia boksi inaingia katikati ya kichwa cha krenki, ndani ya bushi ndogo ya shaba. Sahani ya kuungia ikiwa imepinda hata kwa nywele, bushi hiyo huliwa upande mmoja na klachi haidumu. Fundi mstaafu anayenisaidia, aliyezitengeneza Land Rover za serikali ujanani, aliitoa ile bushi, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mzee, tutafute nyingine?" nilimuuliza.

"Itafute, hii imezeeka. Ila itazame kwanza, mwanangu. Imelika sawa pande zote. Aliyechonga sahani hii alikuwa fundi."

Jina la mchongaji huyo halijulikani, lakini kazi yake imejieleza. Sahani tuliisafisha, tukaikagua kama ina nyufa, tukairudisha.

Kilichojificha kwenye difu

Badiliko moja huzaa jingine, na hapa ndipo wengi wanaofufua magari nyumbani wanapopotea. Difu za Series zina uwiano wa 4.7 kwa 1, maana yake propela inazunguka karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano huo ulifaa injini dhaifu ya petroli kwenye matope na milima. Ukiweka dizeli yenye nguvu chini lakini isiyopenda mizunguko mingi, gari linapiga kelele na kuchoka likiwa bado kwenye mwendo wa baiskeli za mashindano. Kwa hiyo mafundi huchukua difu za Range Rover za zamani au za Defender, zenye uwiano wa 3.54, wakaziingiza kwenye ekseli za Series. Zinaingia vizuri, na gari linatulia barabarani.

Lakini pima matokeo yake. Waya wa spidomita unachukua mzunguko wake kwenye boksi, kabla ya difu. Difu ikibadilishwa na spidomita isibadilishwe, mshale unadanganya: ukionesha 60, gari linakwenda karibu 80. Dereva anaingia kwenye kona akiamini yuko polepole. Tena, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, siku utakayotia gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, ekseli zitavutana hadi kitu kikatike. Na shafti za nyuma za magari haya zinajulikana kwa kukatika hata bila uchokozi huo.

Difu za gari hili zilikuwa za 3.54 mbele na nyuma, kwa hiyo zimebaki. Spidomita ndiyo iliyohitaji kupimwa upya. Badiliko lilelile moja lilikuwa na nusu iliyotatua na nusu iliyoficha, na kufufua gari ni kuikamilisha kazi ambayo mtangulizi aliiacha katikati.

Breki kabla ya uzuri

Kama kuna sehemu isiyovumilia mzaha, ni breki. Series IIA ilitengenezwa na breki za madramu kwenye magurudumu yote na mfumo mmoja wa mafuta ya breki. Bomba moja likivuja popote, pedali inazama na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Wakati gari lilipokuwa na injini ya petroli na difu za zamani, mwendo wenyewe ulikuwa kinga. Baada ya TD27 na difu ndefu, kinga hiyo imeondoka.

Nilipofungua gurudumu la nyuma kulia nilikuta bomba la breki limekunjwa na kupondwa kwa nyundo. Silinda ya gurudumu ilikuwa inavuja, mtu akaona njia rahisi ni kulikatia mafuta gurudumu hilo. Pedali ilibaki ngumu mguuni, gari likaendelea kubeba watu likiwa na breki tatu. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa badiliko linaloficha.

Kwa breki sikubakisha kitu cha zamani zaidi ya madramu yenyewe, nayo yalikerezwa baada ya kupimwa. Silinda za magurudumu, mabomba na mipira ni mipya. Vumbi la lainingi kuukuu halikupulizwa kwa upepo, maana lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lililoweshwa maji, likafutwa, na kitambaa kikafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Masta silinda sasa ni ya njia mbili, ya mbele na ya nyuma, ili moja ikivuja nyingine ishike. Nimeongeza pia busta ya kusaidia mguu. Busta inahitaji kuvuta hewa, na dizeli haivuti hewa kama petroli, lakini Nissan wameweka pampu ya kazi hiyo nyuma ya alteneta. Injini ngeni imelipa gari hili la kale kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho.

Rangi saba kwenye kiganja kimoja

Kabla ya kufikiria rangi mpya, fanya jambo moja. Chukua msasa wa maji, chagua mahali palipojificha ndani ya mlango, sugua duara dogo polepole huku ukimwagia maji. Tabaka zinaanza kutokea moja ndani ya nyingine. Kwenye gari hili ya juu kabisa ni nyeupe ya chokaa, kisha rangi ya mchanga ya wapeleka watalii, kisha bluu, kisha kijivu cha puti, kisha nyeupe nyingine, kisha praima nyekundu, na chini kabisa, juu ya aluminiamu yenyewe, kijani kizito cha kiwandani. Puti iliyo katikati inasema gari liligongwa na kunyooshwa. Rangi ya mchanga inasema liliwahi kufanya kazi mbugani.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mwongozo uitwao Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012. Mkataba huo unathamini historia ya gari pamoja na alama za matumizi yake, na unataka mabadiliko mapya yafanywe kwa namna inayotambulika na inayoweza kurudishwa nyuma. Ni mwongozo ulioandikwa Ulaya, lakini unatufaa sana sisi ambao karibu kila gari letu la kale limebadilishwa. Unatuondolea aibu ya kudhani kwamba gari lenye injini ya Nissan halistahili heshima kwa sababu namba yake ya injini hailingani na ya kiwandani.

Kwa hiyo litakapopakwa, rangi itakuwa kijani cha kwanza, na lile duara nililolisugua ndani ya mlango litaachwa chini ya vanishi. Anayetaka kulisoma alisome.

Kupima maendeleo

Kazi za nyumbani hufa kwa sababu moja kubwa: mtu anafungua kila kitu kwa wakati mmoja. Baada ya miezi michache ana gari lililotawanyika, boksi za nati zisizo na majina, na familia iliyochoka. Kinachosaidia ni kufunga kazi moja kabla ya kufungua nyingine. Chesisi imekwisha, springi zimerudi. Springi zimerudi, breki zimefungwa. Gari linaposimama kwenye magurudumu yake lenyewe na kushika breki, hata bila milango, kila kinachofuata kina mahali pa kwenda.

Kila nati iliyotoka inaingia kwenye mfuko ulioandikwa ilipotoka. Hilo lina umuhimu wa pekee kwa gari lililobadilishwa, kwa sababu Land Rover hii inatumia spana za inchi na Nissan inatumia za milimita. Bolti mbili zinaweza kuonekana sawa kwa macho na zisiwe na uzi mmoja. Ukiilazimisha moja ndani ya tundu la nyingine, unaharibu uzi ndani ya injini, na kosa la dakika moja linageuka safari ya kwenda kwa mkereza vyuma. Picha za simu nazo ni hazina: piga kabla ya kufungua, si baada.

Kinachofuata sasa ni umeme. Nyaya zote za zamani zitatolewa, zile zilizoungwa kwa kusokotwa na kufungwa plasta zikiwamo, na mpya zitawekwa zikiwa na fyuzi kwa kila njia. Magari mengi ya umri huu huungua kwa sababu ya waya mmoja usio na fyuzi uliosuguana na chuma.

Mafundi hawa tuwasikilize sasa

Oktoba 2024 Arusha ilikuwa na tamasha la Land Rover, na magari yalifurika barabarani. Watu walishangilia bodi na miungurumo. Ningependa mafundi nao washangiliwe. Wale waliojifunza kazi katika karakana za serikali na za mashirika ya umma wanastaafu, na wengine wametangulia. Wanajua kusikiliza chesisi, kupima bushi kwa macho, kurekebisha boksi bila kitabu. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wanajua kusoma hitilafu kwa mashine, jambo ambalo wazee hawakufundishwa. Kufufua gari la aina hii nyumbani kunawakutanisha juu ya kazi moja, na kila Jumamosi uani kwangu naona elimu ikipita mkono hadi mkono kwa njia ambayo darasa peke yake haliwezi.

Nami pia sasa nimekuwa mmoja wa waliolibadilisha gari hili. Masta silinda ya njia mbili na busta havikuwapo kwenye gari hili lilipotengenezwa. Kigezo nilichowapimia wengine sharti kinipime mimi. Ndiyo maana gari hili lina daftari lake: kila badiliko limeandikwa lilivyofanywa, kwa sababu gani, kipuri kimetoka gari gani, na namna ya kulirudisha nyuma anayekuja akitaka. Namba ya injini iliyopo inalingana na ile ya kwenye kadi ya gari, na rangi ikibadilika kadi nayo itabadilishwa. Mwenye Land Rover, Pijo au Volkswagen ya zamani inayosubiri uani aanze na daftari hilo leo, kabla hajanunua hata kopo moja la rangi. Aandike anachokikuta, amwite fundi mzee amweleze, na ndipo ashike spana.